Jezi Tisa Zisizo na Mgongo

Chwaaa!

Sauti hiyo ndiyo inayotangulia. Ukungu wa Mwanjelwa bado mzito, mtu haoni hata meza ya jirani yake, lakini mlio wa maji juu ya chuma cha moto unasikika mpaka ng'ambo ya njia. Inafuata harufu ya mkaa. Mwisho kabisa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anaonekana mwenyewe: mwanamke mfupi, kitenge kiunoni, sweta la kijivu, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto.

Huyo ni Sekela Mwambene, mpiga pasi wa mitumba jijini Mbeya. Ana miaka arobaini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya meza hii.

Wenye mabelo ya mitumba wakishafungua mzigo, huchambua nguo nzuri na kumletea azinyooshe kabla hazijatundikwa. Hulipwa shilingi mia mbili kwa nguo. Siku njema huondoka na elfu kumi na moja, na mkaa haujatolewa humo.

Kijana mchuuzi anajitokeza kwenye ukungu na jezi nyekundu mkononi. Jina lake Peter.

"Mama Uingereza, shikamoo. Niambie ukweli, hii ogi au nimepigwa?"

Sekela hamwangalii hata usoni. Anapitisha kidole gumba juu ya nembo, anageuza kola, anatafuta lebo.

"Marahaba. Umepigwa. Nembo imebandikwa, haikushonwa. Nikiweka pasi hapa, yote itahamia kwenye chuma."

"Sasa mama, si unyamaze tu niuze?"

"Kuuza uza. Ila mteja akikuuliza, usitaje jina langu."

Wauzaji wa meza za jirani wanaangua kicheko. Sekela hacheki. Wiki tatu sasa hacheki, na ukimuuliza sababu anaweka pasi chini kwanza, kwa sababu hasira yake na moto havifai kushikwa na mkono mmoja.

Nyumbani kwake Ilemi kuna sanduku la bati. Ndani yake zimo jezi hamsini na nane za timu za Uingereza, zote za miaka ya tisini, zote halisi. Arsenal imo, Newcastle imo, Leeds imo, zimo na timu ambazo vijana wa leo hawajawahi kuzisikia. Alizipata moja moja kutoka kwenye mabelo, nyingine kwenye miili ya watu. Aliwahi kumvua fundi baiskeli jezi barabarani kwa kumpa mashati mawili yaliyonyooshwa.

"Kitambaa chake kizito, kinang'aa," anaeleza, na sauti inalegea kidogo. "Ukiinamisha kwenye mwanga unaona maua yamefumwa ndani kwa ndani. Namba zake zina manyoya laini kama mgongo wa nyuki. Hiyo ukiigusa na pasi ya moto umeua. Mimi niliua namba nane ya Arsenal nikiwa na miaka kumi na sita. Nililia kama nimechoma nyumba."

Wakusanyaji wa jezi wanamjua. Mmoja kutoka Dar es Salaam alimwekea shilingi laki tatu mezani kwa jezi moja. Alimrudishia.

Alimrudishia kwa sababu jezi ile ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja.

Mwaka 1998, vijana wa kijiji chake kwenye milima ya Uporoto waliuza viazi, wakashuka Mwanjelwa, wakanunua jezi kumi na moja za mitumba. Klabu zilikuwa tofauti tofauti, rangi zikigombana. Timu yao waliiita Viazi Rangers. Kila walikokwenda walizomewa, "Timu ya mnada! Timu ya mnada!" Walikuwa wakizomewa na wakishinda. Nahodha alikuwa Saulo, kaka yake Sekela. Yeye Sekela ndiye aliyefua na kunyoosha.

"Sikufundishwa pasi na mtu," anasema. "Nilifundishwa na zile jezi."

Timu ilikufa, jezi zikatawanyika. Kwa miaka mingi amezifuata, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Kati ya kumi na moja alikuwa amezipata tisa. Ndani ya kola ya kila moja ametarizi jina la aliyeivaa. Mkusanyaji mwingine anatafuta jezi iliyotoka Uingereza. Sekela anatafuta jezi iliyotoka Uingereza ikavaliwa na mkulima wa viazi.

Ya thamani kuliko zote si ya kwake. Ni jezi ya kipa, ya kijani, yenye michirizi myeusi kifuani na sponji kwenye viwiko. Aliivaa Jofrey, aliyeoa Ilula, mkoani Iringa, akahamia huko kulima nyanya, akafia huko mwaka 2016. Mjane wake, Damari, alimkabidhi Sekela jezi hiyo siku ya arobaini. Alimwambia maneno matatu tu: "Nitunzie. Usimpe mtu."

Sekela akampa mtu.

Mwezi Februari alifika mezani kwake Obadia Kalinga, mwenye baa mpya mtaa wa Mlandege, Iringa mjini. Alikuja na gari zuri na maneno mazuri zaidi. Alitaka kupamba ukuta wa baa kwa ajili ya mechi za Uingereza. Aliomba zile jezi tisa, akaahidi zingetundikwa kwenye henga, ndani ya kabati la kioo, kwa miezi mitatu. Chini ya kila jezi lingeandikwa jina la mchezaji wa Viazi Rangers.

"Hakunipa hata shilingi, na sikuomba," anasema Sekela. "Alinipata kwa yale majina. Nilitaka watu wanaokunywa bia wakishangilia Wazungu wainue macho wasome Saulo, wasome Jofrey. Kiburi changu ndicho kilichonidanganya. Andika hivyo."

Wiki tatu zilizopita mteja mmoja alimtumia picha ya ukuta ule kwenye simu. Jezi tisa kwenye fremu tisa, chini ya vioo tisa. Kila aliyeiona picha pale Mwanjelwa alisifu. Sekela aliitazama mara moja, akakaa juu ya belo.

"Nguo yenye mgongo hailali hivyo," anasema. "Nimepiga pasi miaka kumi na tisa. Kitambaa cha mbele kikilala juu ya cha nyuma kinatuna kidogo kwapani na shingoni. Zile zilikuwa bapa kama karatasi."

Kesho yake alipanda basi la alfajiri. Saa sita mchana alikuwa Mlandege.

Mhudumu wa baa, Gloria, aliyeshuhudia yote, anakumbuka jinsi bosi wake alivyompokea mgeni kwa mikono miwili.

"Kamwene, dada! Karibu! Umeona zilivyopendeza?"

"Sikuja kusalimiana. Shusha ile ya kijani."

"Dada, watu wanapigia picha hapo kila siku..."

"Nimesema shusha. Na uigeuze."

Kalinga hakuigeuza. Sekela alipanda juu ya kiti, akaishusha mwenyewe, akachomoa pini za nyuma kwa kisu cha mezani. Hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuma, ilipotoka, kulikuwa na kifua, mikono iliyokunjwa, na hakuna kingine. Mgongo ulikuwa umekatwa kwa mkasi, bega mpaka pindo. Namba haikuwepo. Kola ilikuwa imepunguzwa ili ikae sawa, na jina la Jofrey limekwenda na kipande hicho. Chini ya fremu kibao kilisema: KUTOKA UINGEREZA MOJA KWA MOJA.

"Fundi alisema zikiwa na mgongo zinatuna, kioo hakifungi," Kalinga alijitetea. "Lakini dada, tusigombane, hii ni mitumba tu. Nitakununulia tisa mpya, za msimu huu."



"Mitumba tu?" Sekela aliuliza. "Hebu geuka. Geuka nikuone." Akamzunguka. "Koti ulilovaa lina mkunjo wa belo mgongoni mpaka leo. Aliyekupigia pasi alikuwa na haraka. Wewe ni mitumba tu? Kumbe nikukate mgongo nikutundike?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akamwaga kinywaji chake. Kalinga alivua koti.

Mitumba tu! Nchi nzima imevikwa na mabelo, kuanzia shati la harusi mpaka sweta la mtoto wa shule, halafu mtu aliyevaa vizuri anasimama na kutamka neno hilo kama anatema mbegu. Nguo ikifika hapa ikavaliwa na mtu wa hapa, akaitolea jasho, akaidakia penalti, akazikwa, basi kwake hiyo haina habari. Kilichokatwa na mkasi ule hakikuwa cha Uingereza. Kilikuwa chetu.

Alipopigiwa simu kuhusu habari hii, Kalinga hakukana. "Nimemwomba msamaha. Nimemtumia laki mbili, kazirudisha. Sasa anataka nini? Nimlilie?"

Siku ile ile, vifua vyote tisa vikiwa mkobani, Sekela alikwenda kwa fundi fremu, mitaa miwili kutoka baani. Migongo aliikuta. Ilikuwa kwenye ndoo, imelowa, ikitumika kufutia vioo.

"Polista nzuri sana, mama, haiachi nyuzi," fundi alimwambia, akidhani ni mteja. Alipoelewa, aliketi chini. Hakujua. Aliambiwa ni vitambaa vya mapambo. Aliikamua mmoja mmoja kwa mikono yake, akiipanga juu ya benchi na kuomba radhi kila mgongo.

Ilikuwa minane.

Wa tisa, wa kijani wenye namba moja, fundi alikuwa ameufungia pembe za vioo visivunjike safarini. Mteja alinunua vioo sita vya madirisha ya kanisa, akapakia kwenye pikapu, akashika barabara ya Makambako. Jina hakuandika. Kanisa hakulitaja.

Mbeya, Sekela aliipeleka ile minane kwa Khushbu, mwenye duka la nyuzi na vifungo ambaye amemuuzia sindano tangu wote wawili ni wasichana. Khushbu aliweka kila jezi karibu na dirisha, akajaribu rangi baada ya rangi.

"Uzi wa kufanana haupo, Sekela. Ukilazimisha utaonekana umeficha vibaya."

"Basi nipe mweusi. Sifichi."

Jezi nane sasa zina mshono mweusi ubavuni na mabegani, mnene, unaoonekana kutoka mbali kama kovu la upasuaji. Ya tisa ilibaki kifua. Kwa wiki mbili ilikaa ndani ya mkoba wake, kila siku akisema kesho atakwenda Ilula, kila kesho akiwasha pasi.

Jumamosi iliyopita alikwenda.

Damari Kalinga, ambaye ukoo wake hauhusiani na mwenye baa, alikuwa kando ya barabara kuu nyuma ya ndoo zake za nyanya na mafungu ya vitunguu. Basi lilikuwa limesimama na wauzaji wenzake wakikimbilia madirishani. Yeye hakukimbia. Alimwona Sekela akishuka, akaona mkoba, akaona namna anavyoubeba.

"Wifi," alisema, kama anavyomwita kwa kuwa ametoka kijiji kimoja na marehemu, "kuna nini?"

Sekela alimwambia yote, tangu gari zuri mpaka vioo vya kanisa. Hakujitetea. Akamkabidhi kile kifua cha kijani.

Damari alikigeuza. Alikitazama upande ambao haukuwepo.

"Nilikupa wewe," alisema. "Sikuipa baa."

"Najua, wifi."

"Hujui. Ninyi mlicheza naye, mlimwona usoni. Mimi walikuja kucheza hapa Ilula na lori la viazi, nikasimama nyuma ya goli na ndoo yangu kichwani. Dakika tisini nilitazama mgongo. Namba moja. Ilikuwa inaruka, inaanguka, inainuka na vumbi. Uso wake niliuona mechi imekwisha." Sauti ilipanda mpaka muuzaji wa jirani akageuka. "Wameniachia kifua! Kifua nakifanyia nini?"

Mwanamke ambaye Mwanjelwa nzima inaogopa ulimi wake alisimama kando ya barabara, malori yakipita, vumbi likimtua kwenye sweta. Damari alikunja kile kipande, akakiweka mapajani chini ya kanga, akasema kitabaki hapo.

Basi la kurudi Iringa lilipopiga honi, Sekela alipiga hatua mbili kulielekea. Kisha akarudi. Akasimama mbele ya ndoo za nyanya na kunyoosha ule mkono wake wa kulia, mnene, wenye makovu ya cheche, akapaza sauti ili hata waliokuwa madirishani wasikie.

"Damari! Na ninyi mnaouza hapa, muwe mashahidi. Kuanzia Jumapili ijayo nitaingia kila kanisa lenye kioo kipya, kutoka Iringa mpaka Makambako. Nitasali nao, kisha nitawauliza nani alibeba vioo. Nikiupata mgongo wa Jofrey nitakuja kuushona hapa, mbele ya macho yako, kwa uzi mweusi. Nisipoupata Jumapili hiyo, nitatoka tena inayofuata. Sitakuletea kitambaa kingine nikuambie ndicho. Nitautafuta, wifi, mpaka mkono huu ushindwe kunyanyua pasi."