Mama Mkwe Anisindikiza Kazini

Mama mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Korogwe, alikuja kututembelea hapa Euless, Texas, kwa mwezi mmoja. Nilikuwa na hofu moja tu: asijue kazi yangu. Siku ya posa, miaka mitatu nyuma, wazee wa upande wao waliuliza kwenye simu kijana anafanya kazi gani Marekani, na ulimi wangu, bila kunishauri, ukajibu, "Meneja." Nikamsikia mama mkwe kwa mbali akisema, "Basi mwanangu yuko mahali pazuri." Ukweli ni kwamba nasukuma kitoroli. Niko chumba cha barua kwenye jengo refu la ofisi huko Plano. Bahasha na maboksi yakishushwa kwenye lori, mimi ndiye nayapeleka ghorofa kwa ghorofa.

"Mwambie mwenyewe kabla hajajua," mke wangu alinionya. Nikasema kesho. Kesho zangu ni nyingi.

Plano ni mbali. Gari letu ni moja, na mke wangu ni muuguzi mwenye zamu zisizosubiri mtu, kwa hiyo mimi ni wa treni: treni kubwa hadi katikati ya Dallas, kisha treni ya umeme kwenda kaskazini, halafu basi. Masaa mawili kwenda, mawili kurudi, na ole wako usinzie.

Siku ya kwanza mama mkwe alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikashukuru. Ya pili, mpaka kwenye maegesho. Ya tatu aliingia garini, akakaa mbele na binti yake, mimi nyuma, wakanifikisha kituoni. Ya nne alisimama nami pale pale kando ya reli hadi treni ikaondoka. Nilidhani ni mapenzi. Kwetu anayesindikizwa ni mgeni, na hapa mgeni alikuwa yeye.

Siku ya tano akaingia ndani ya treni.

"Nione tu umepata kiti," alisema, amejifunga khanga, kandambili miguuni, hotipoti ya chakula changu mkononi. Nikapata kiti. Akanikabidhi hotipoti, akaanza kuniaga, na mwalimu mkuu haagi kwa haraka: kazi njema, Mungu akutangulie, usisahau kula, uwasalimie na hao wa huko. Milango ikafungwa kabla hajawamaliza wa huko. Milango ya Texas haina adabu ya kuagana.

Nilimpigia mke wangu, aliyekuwa bado kwenye maegesho. Alicheka mpaka nikadhani analia.

"Mimi nina-report saa moja, siwezi kuwafuata," alisema. "Nenda naye tu ofisini. Si wewe ni manager? Mpe kiti chako akae."

Kumshusha peke yake kituo kinachofuata, simu yake imebaki garini, sikuwa na uso huo. Kushuka naye ni kuchelewa kazi. Nikamkatia tiketi, tukasafiri. Mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, basi hotipoti nikaiweka kwenye kiti cha katikati iwe mpaka. Yeye alikuwa na raha zake. Aliwasalimia abiria wote, na wengine walitoa vidude vya masikioni ili wamjibu, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kwenye treni ya umeme, kituo cha karibu na Vickery Meadow, mtaa wenye wahamiaji wengi, akapanda mama mmoja wa Kikongo anayefanya usafi kwenye jengo letu. Mama mkwe alipomsikia tu akiongea Kiswahili kwenye simu, akamwita akae.

"Huyu mkwe wangu ni meneja," akamwambia. "Ananipeleka nikaone ofisi."

Mama wa Kikongo akaniangalia. Mimi nikaangalia dirishani.

"Ah, chef wetu!" alisema polepole. "Ndiyo, mama. Minamuona kila siku. Iko anapita mu bureau zote, hakuna mulango inafungwa mbele yake."

Ukiondoa hilo neno chef, yaani bosi kwa Kifaransa chao, hakudanganya hata kidogo: ofisi zote napita kweli.

Tulipofika nilimketisha kwenye makochi ya mapokezi, nikamwambia nina vikao hadi mchana. Mpango wangu ulikuwa kutumia lifti ya nyuma siku nzima. Saa nne mafundi wakaifunga. Nikabaki na kitoroli kilichojaa maboksi na njia moja tu, ya mapokezi.

Nilipita nimeinama nyuma ya maboksi, gurudumu moja linalia. Ghafla kitoroli kikagoma. Mkono ulikuwa umekishika upande wa mbele, na juu ya mkono ule niliiona khanga. Niliona aibu, aibu ya mtoto aliyekutwa na majibu ya mtihani ndani ya soksi.

"Mama," nilisema, "mimi si meneja."

"Najua." Alikuwa anaweka sawa boksi lililotaka kuanguka. "Nilijua siku ya kwanza, nilipoona viatu vyako mlangoni. Vimelika visigino, mkwe. Meneja hulika makalio ya suruali."

"Sasa, mama, mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Nilikuwa nangoja useme wewe. Kila siku nikakuongezea hatua kidogo. Mlangoni hukusema. Garini hukusema. Kwenye treni, masaa mawili mazima, hukusema. Mwanangu, Plano ni mbali!"

Kisha akakaza khanga yake, akauliza tunaanzia ghorofa ya ngapi, akatembea nami hadi kwenye lifti, mkono mmoja juu ya maboksi.

Jumatatu iliyofuata alinisindikiza mpaka mlangoni tu. Akanipa hotipoti, akasema kazi njema, akafunga mlango.