Kilio cha Motere Kwenye Mteremko wa Kadutu

Virginie Nabintu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alianza kuendesha teksi Bukavu wakati madereva wenzake wa mtaa wa Kadutu walikuwa bado wanamcheka, na walipochoka kumcheka wakaanza kumwachia abiria wenye wagonjwa na wenye watoto wachanga, kwa sababu mguu wake ulikuwa mwepesi kwenye breki. Lakini wiki ile baba yake alipopasuliwa jicho, gari lilianza kulia, na Virginie akaijua hofu.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kuchoma sikio. Akikanyaga mafuta inapanda, akiachia inashuka. Gari la mtu wa nchi tambarare linaweza kulia hivyo mwaka mzima na mwenyewe akalala salama. Bukavu ni mlima upande huu, na upande ule ni mabati ya watu wanaoishi chini ya barabara. Dereva akikosa kona, anaangukia kitandani mwa mtu. Hilo ndilo lililomkosesha Virginie usingizi.

Alimpelekea gari Abdulmajid, mekanisie mwenye asili ya Uvira ambaye alikuwa akimtengenezea tangu zamani. Abdulmajid alifungua boneti, akakuta mafuta ya usukani yamepungua, akaongeza, akasema pampu ya usukani ilikuwa na kiu tu. Sauti ikatulia kidogo, au pengine Virginie alitaka mno itulie. Kesho yake ikarudi. Yeye hakurudi kwa Abdulmajid. Aliogopa kuambiwa kwamba ni motere, injini yenyewe, inayokufa. Akawa anafungulia redio kwa nguvu na kuendelea na kazi.

Ndivyo alivyokwenda kumchukua baba yake hospitalini, redio ikiimba. Papa Xavier alikuwa fundi cherehani wa Kadutu. Jicho lake moja lilikwisha kufa miaka mingi nyuma, na hili walilompasua ndilo pekee lililobaki. Lilikuwa limefungwa bandeji mpaka kesho yake, kwa hiyo siku ile hakuona hata mwanga. Daktari alikuwa amewaonya wote wawili: mzee asiiname, asibebe kitu, asikaze mwili hata kidogo, maana kidonda kikifunguka hakuna jicho lingine la kukimbilia.

Virginie alimketisha mbele, akamfunga mkanda, akaendesha polepole. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa na utelezi. Hawakufika mbali, mzee akaomba redio izimwe.

"Iko kitu inalia," alisema.

Virginie akamwambia ni mambo ya mafuta ya usukani, fundi alikwisha kuongeza. Mzee akaegemeza kichwa nyuma, akasikiliza. Wakapita kona moja, wakapita ya pili.

"Hapana, mutoto wangu. Ukikata kona, haibadilike. Ukikanyaga mafuta, ndiyo inapanda. Mashini yangu ililia hivi mbele ya kukwama. Kuko kitu inazunguka pale ndani na imekauka. Simama tuangalie."

Virginie alikuwa tayari ameanza kushuka mteremko. Nyuma yake kulikuwa na lori lililokuwa likimpigia honi, na kando ya barabara udongo ulikuwa umelegea. Alimwambia baba yake kwamba pale hakuna nafasi, wangesimama chini. Sauti ikapanda, na mara hii haikushuka hata alipoachia mafuta. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani ya gari.

Kisha mlio ukakatika, kukawa kimya.

Kimya kile kilimtisha kuliko kelele zote za wiki ile. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Kona kali ilikuwa mbele yao, na chini yake mabati yenye moshi wa watu wanaopika. Virginie akakata usukani, usukani ukakataa. Ulikuwa mzito kama umefungwa kwa kamba. Akakanyaga breki, gari likapunguza mwendo, ila matairi ya mbele yakateleza kwenye tope, yakielekea upande wa bonde. Akavuta kwa mikono yote miwili, haikutosha.

Papa Xavier alisikia pumzi ya binti yake imebadilika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nifanye nini?"

Virginie alilikumbuka jicho. Alilikumbuka vizuri kabisa, na bado akasema: "Nyoosha mukono, papa. Shika usukani. Sukuma kwangu."

Mzee akapapasa hewani, akaupata, akasukuma kwa nguvu zake zote huku binti akivuta. Usukani ukazunguka. Gari likageuka kwa shida, likakata barabara, gurudumu likatumbukia kwenye mtaro wa upande wa mlima, na ubavu ukajikwangua kwenye udongo. Likasimama. Lori lile likapita likiwa limebakiza nafasi ndogo sana. Virginie akazima motere, akageuka kuangalia bandeji. Ilikuwa nyeupe, bila tone la damu.

Abdulmajid alikuja kwa pikipiki akiwa na vyombo vyake. Alitoa vipande vya mkanda wa motere vilivyoungua, mkanda ule ambao huzungusha dinamo, pampu ya maji na pampu ya usukani kwa pamoja. Akazungusha kila gurudumu kwa kidole. Dinamo ikazunguka bila kelele, na pampu zote mbili vilevile. Alipofika kwenye kile kigurudumu kidogo kinachokaza mkanda, kikagoma, kisha kikasaga kama kina mchanga. Rulema yake, ile pete ya gololi iliyomo ndani, ilikuwa imekauka na kukwama.

"Siku ile ningetoa mkanda na kuwasha motere kidogo," alisema bila kumtazama Virginie. "Kelele ingeisha, na ningejua pa kutafuta. Unisamehe, maman."

Akafunga kigurudumu kipya na mkanda mpya. Motere ikaunguruma bila kulia, lakini Virginie hakusikia furaha yoyote. Alikuwa amekwisha kumpeleka baba yake nyumbani kwa miguu, akimshika mkono, na njiani mzee alikiri kwamba jicho lilikuwa linamchoma.

Kesho yake walirudi hospitalini kwa gari lilelile. Muuguzi aitwaye Francine alipoanza kuondoa bandeji, Virginie aliangalia ukutani. Akasikia pamba inabanduliwa, akasikia Francine anamwambia mzee afungue polepole.

"Nani alikushonea hii blauzi?" Papa Xavier alimuuliza Francine. "Mukono moja iko murefu."

Virginie akaketi palepale sakafuni.

Wakati wa kurudi, kabla ya ile kona, alisimamisha gari mahali pana, akashuka, akafungua boneti na kutega sikio. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Alibaki ameinama vilevile mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na baba yake akatoa kichwa dirishani, akayaashiria yapite.