Kidole Gumba cha Dorkas na Paka wa Kigera

Saa kumi na mbili asubuhi, Dorkas Mugeta anapara sato nje ya nyumba yake Kigera, mjini Musoma. Kidole gumba cha kushoto kimefungwa bendeji, kimesimama wima kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Paka watatu wamekaa pembeni. Hawana habari na samaki, wanaangalia kidole.

Wiki mbili zilizopita mwiba wa samaki aitwaye gogogo ulimchoma.

"Nikasema kitapona chenyewe, maana nilikuwaga nachomwa kila mara," anasema mama huyu mkaanga samaki.

Hakikupona. Kilivimba hadi samaki akawa hashikiki, na kuna harusi huko Buhare imeagiza samaki kwake.

Zahanati, tabibu Apolinary Magige alimpa dawa na maelezo. Seli ikiumia, mafuta yaliyo kwenye utando wake hukatwa vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo wajumbe wanaoamsha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na kuziita kwenye jeraha.

Dorkas alisikia neno mafuta, akaridhika. Mafuta anayo. Dawa akaziweka kabatini, kidole akakipaka mafuta ya sangara yaliyobaki kwenye karai, asubuhi na jioni.

"Hao askari kama wanaitwaga na mafuta, basi mimi nitawaitia kwa ndoo."

Waliokuja ni paka. Walimfuata dukani, walimfuata bombani, na Jumapili mmoja akaingia naye kanisani akakaa benchi la mbele.

Jirani yake Flora, naye mkaanga samaki, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama vizuri. "Mama, hicho kidole watakikata. Halafu samaki wa harusi nitawakaanga mimi."

Hayo ya harusi ndiyo yaliyomrudisha zahanati mbio.

Apolinary alipasua jipu. Dorkas akauliza huo uchafu unaotoka ni nini. Akajibiwa kwamba usaha, kwa sehemu kubwa, ni chembe nyeupe zilizokufa zikipambana na vijidudu.

Hapa anaweka kisu chini.

"Wiki nzima nilikuwa nawatukana, nasema wavivu hawa, hawaitiki. Kumbe walishakuja zamani, wakafia humo humo. Nililia. Daktari akadhani ni sindano."

Sasa dawa anameza kama alivyoelekezwa, na kidole kimeanza kukunjika. Harusi ni Jumamosi. Flora amekubali kumshikia samaki, ingawa kwa maneno mengi.

Baada ya hapo Dorkas anataka kununua glovu nene za mpira.

"Mimi miiba nimeizoea," anasema, akimsukuma paka kwa mguu. "Ni hao askari wa ndani. Wamechoka, wapumzike kidogo."