Nyumba Yenye Tabia

Siku moja Nthenya aliniita kwake, akasimama katikati ya sebule huku amekunja uso, akaniambia nyumba yake haina tabia. Mimi ni jirani yake wa mlango kwa mlango hapa Uthiru, watu huniita Mama Lenox, na nilidhani bomba limepasuka tena.

"Kwani imekukosea nini?" nikamuuliza.

"Wacha mchezo, Mama Lenox. Nyumba lazima ikuwe na tabia. Mtu akiingia tu, ajue ni ya nani."

Maneno hayo aliyaokota kwenye simu, kwa wale wasichana wanaopanga na kupangua mito ya viti huku wakichekacheka. Nyumba yenye tabia, tena kwa bei nafuu! Mimi nimekaa mjini miaka mingi na ninajua nyumba za aina mbili tu, inayovuja na isiyovuja.

Ugonjwa wenyewe ulianzia Loresho, mtaa wa matajiri. Nthenya ni karani katika ofisi ya mawakili huko mjini, na mkubwa wake aliwaalika wafanyakazi nyumbani kwa chakula cha mchana. Wenzake walikula. Yeye alitazama kuta. Alirudi na habari za ukuta mzima uliojaa vikapu, vikapu vitupu, havina viazi wala vitunguu, vimetundikwa tu watu wavitazame. Tangu hapo sikusikia wimbo mwingine mpaka nikakubali kwenda naye Ngara kutafuta mapambo.

Huko Ngara alinunua karatasi ya kubandika iliyochorwa matofali. Akaja akaibandika kwenye ukuta wa mawe! Mtu ana nyumba ya mawe ya kweli, anaificha kwa mawe ya karatasi. Akanunua na zulia la nyasi za plastiki, ilhali nje ya lango letu kuna nyasi za Mungu ambazo mbuzi wa watu wanakula bure. Akanunua fremu ya picha yenye ile familia ya wazungu wanaocheka, ambayo kiwanda huiweka ndani ili fremu inunuliwe, na wala hakuitoa. Nilimuuliza hao ni ndugu zake wa upande gani. Akasema rangi zao zinaenda na pazia.

Vikapu tu ndivyo vilivyomshinda. Katika duka lenye vikapu kama vile vya Loresho aliuliza bei, akakirudisha kikapu mahali pake upesi, tukatoka. Hatujafika mbali, akasimama ghafla akapiga makofi.

"Mimi ni mjinga aje? Si niko navyo chini ya kitanda!"

Kweli alikuwa navyo. Mama yake, Kanini, anaishi Makueni, na husuka vyondo kwa mkonge aliousokota mwenyewe. Kila msimu humjazia binti yake kiondo, pojo na kunde na maembe, akamkabidhi Kimanzi, mtu wa kwao anayesafiri na basi la Nairobi akipakia na kupakua mizigo. Nthenya hupokea mzigo wake stendi, hula, kisha kiondo hukisukuma chini ya kitanda.

Hapo ndipo aliponichosha. Kwetu Ugenya, na kwao Ukambani vilevile, chombo kilichokuletea chakula hukirudishi kitupu. Unatia japo sukari kidogo, japo kipande cha sabuni, ndipo aliyekupa ajue kwamba umekula na umemkumbuka. Yule ambaye hakirudishi kabisa hata sijui tumwiteje. Nilimwambia Nthenya hivyo hivyo.

"Ai, mwaitu hana shida navyo," akanijibu. "Si anasuka vingine?"

Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima. Angalau neno hilo alikuwa bado analikumbuka.

Akapigilia misumari, vyondo vikapanda ukutani, midomo imegeukia ukuta na makalio yametugeukia sisi. Sitasema uongo, vilipendeza. Kazi ya yule mama ingependeza hata ndani ya banda la kuku. Wenzake wa ofisini walikuja wakapiga picha, na Nthenya akawaambia ni ubunifu wake. Ubunifu! Alichobuni yeye ni misumari.

Picha moja ilikwenda kwa Kivuva. Huyu ni mwalimu, kijana mtulivu, Mkamba mwenzake, na alitaka kumwoa. Nthenya alimpenda kwa moyo wake wote, na hilo silicheki. Lililobaki lilikuwa neno la mama yake Kivuva. Mama huyo alisema atakuja Jumamosi alasiri amwone msichana, tena amkute pamoja na mama yake mzazi, la sivyo hakuna mazungumzo. Kwa hiyo Kanini akaitwa kutoka Makueni.

Kanini alifika mchana, nami niko jikoni kwa Nthenya nikimsaidia kupika. Alikuwa mama mwembamba mwenye kilemba cheupe, amebeba maembe kwenye gunia la mbolea. Aliponiona akatusalimu sote kwa Kiswahili, nisije nikaachwa nje ya maneno, kisha akaanza kuomba radhi kabla hata ya kukaa.

"Mnisamehe kwa hili gunia. Vyondo vimeniishia, na macho sasa yamekataa kusuka. Nimeona haya kuleta chakula namna hii."

Halafu akainua macho, akaviona.

Alisogea ukutani, akakigeuza kimoja, akachungulia ndani. Akakigeuza kingine, akachungulia.

"Kimanzi," akasema.

"Kimanzi amefanya nini, mwaitu?"

"Nimemwita mwizi. Sokoni, mbele ya watu. Nilisema binti yangu nimemlea mimi, hawezi kukaa na kiondo cha mtu. Nikasema ni Kimanzi anaviuza huku Nairobi. Hata kanisani hatusalimiani tena."

"Si ungenipigia tu simu uniulize?"

"Nimuulize mtoto wangu kama ni mwizi?"

Nthenya akasema ni vya urembo tu, kwamba kila mtu anavipenda. Mama yake akaanza kuvishusha, akavitia kimoja ndani ya kingine. Hapo ndipo akili ilipomrudia binti. Akatoka mbio hadi dukani, akarudi akihema na pakiti ya sukari na majani ya chai, akataka kuvitia kwenye kiondo. Kanini akafunika mdomo wa kiondo kwa kiganja chake.

"Hiyo sukari ni ya wageni wako. Mimi naenda stendi nimpate Kimanzi kabla basi halijaondoka."

"Na mama Kivuva? Mwaitu, anakuja sasa hivi kukuona!"

"Anakuja kumwona aliyekulea. Nitamwambia nini?"

Nilimsindikiza mimi hadi barabarani, kwa sababu binti alikuwa ameketi juu ya nyasi zake za plastiki akilia. Nilimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa nyingi zaidi.

Mama Kivuva alifika kwa wakati wake, nami nimesharudi ndani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, na mkononi ana kiondo kilichojaa, kimefunikwa kwa leso. Nthenya alikuwa amenawa uso. Akasema mama yake amepatwa na dharura, akanyoosha mikono apokee kiondo akipeleke jikoni, kama inavyotakiwa. Mgeni akaketi, akakipakata. Akalitazama lile gunia la maembe kando ya mlango, kisha akautazama ukuta wa matofali ya karatasi na misumari yake.

"Kivuva alinionyesha vyondo kwa picha," akasema. "Viko wapi?"

"Mwaitu amerudi navyo."

"Vikiwa na nini?"

Nthenya akanigeukia mimi, nimsaidie uongo. Mimi nikawatazama wale wazungu wa kwenye fremu.

"Vitupu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Mama Kivuva hakumkemea. Alikunywa chai yake yote, akaisifu, akauliza habari za kazi. Kisha akainuka, akazungusha macho sebuleni kwa mara ya mwisho.

"Nyumba yako ni nzuri, mwanangu," akasema. "Mtu akiingia tu, anajua ni ya nani."

Akaondoka na kiondo chake mkononi, kimejaa vilevile kama alivyokuja nacho.