Siku Karandinga Lilipopanda Bombo

Nilikwenda Same kwa sababu ya madaftari. Gereza moja la kule lilikuwa bado linaandika wafungwa wake kwa kalamu, na mimi, Koplo Rehema wa kitengo cha kompyuta Dodoma, nikakabidhiwa kompyuta mbili na amri moja: kuanzia Ijumaa, hakuna mfungwa atakayetoka getini bila hati iliyochapishwa na mfumo mpya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Ndani ya basi nilikuwa natabasamu hovyo mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nakwenda kuolewa.

Jumatatu mchana nilishuka Same, kwenye jua kali na upepo wa vumbi, milima ya Upare ikiwa imejaa mbele ya macho. Alinipokea Sajini Namkunda, mtunza masjala wa gereza, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani.

"Karibu, mwanangu. Hayo madude yako yanakula makande?"

"Yanakula umeme tu, afande."

"Afadhali. Makande yatabaki yetu."

Siku tatu tulifanya kazi hivyo, yeye akisoma daftari, mimi nikibonyeza. Jumatano jioni alitoka kufuata chai, nikaendelea mwenyewe. Jina la Eliamani Mbwambo likaja mara mbili. Kompyuta ikauliza: kumbukumbu hizi zinafanana, ziunganishwe? Nikabonyeza Ndiyo bila kufikiri.

Alhamisi asubuhi tulichapisha hati ya Eliamani aliyetakiwa kutoka kesho yake. Ikasema amebakiza miaka minne. Namkunda akavua miwani.

"Rehema, hawa ni watu wawili! Mmoja wa Bombo, waligombania maji ya kumwagilia shamba, akampiga mwenzake mpini wa jembe. Huyo ndiye anayetoka kesho. Mwingine wa Kisiwani, mambo ya ng'ombe. Hiyo miaka minne ni yake."

Nikaikumbuka ile Ndiyo niliyoibonyeza jana yake. Wote wawili wakaitwa ofisini, na mkuu wa gereza akaja. Eliamani wa Kisiwani, mrefu na mwenye maneno, aliposikia habari akapiga saluti.

"Mkuu, kama kompyuta imesema sisi ni mtu mmoja, basi kesho akitoka yeye, na mimi nimetoka."

Tulicheka, hata mkuu. Kisha akaacha ghafla. "Ndiyo shida yenyewe. Nikifungua geti, nitakuwa nimemtoa nani?"

Eliamani wa Bombo hakucheka. "Mama anajua ni kesho," alisema taratibu. "Anazihesabu siku."

Nikapiga simu Dodoma. Wakaniambia kumbukumbu zitatengana endapo mmoja wa hao wawili ataonyesha cheti chenye tarehe yake ya kuzaliwa. Eliamani wa Bombo akainua kichwa. "Cheti cha ubatizo kipo, na tarehe ya kuzaliwa imo. Kiko kwa mama, kwenye sanduku."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Gari dogo lilikuwa gereji, kwa hiyo tulipewa karandinga, lile lori lenye wavu la kubebea wafungwa, na aliyekuwa na leseni yake ni Namkunda mwenyewe. Hadi Kisiwani njia ilikuwa tambarare, milima mkono wa kulia, na ng'ombe wakivuka barabara bila haraka yoyote.

Baadaye tukaanza kupanda. Kona ikimalizika inazaa nyingine. Hewa ikawa ya baridi, migomba na tangawizi vimening'inia kwenye miteremko, na upande wangu niliona tambarare yote iko chini ya miguu yangu. Namkunda alikuwa akiimba wimbo wa kwaya ya usharika wake na kukata kona kwa mkono mmoja.

"Usitazame chini! Tazama tangawizi!"

Nikashikwa na kicheko cha woga, kikageuka kuwa kicheko cha kweli, nikashindwa kukizuia mpaka machozi.

Saa nne tulifika Bombo, nyumbani kwa kina Eliamani. Watu waliliona karandinga wakaacha majembe. Mama Eliamani akatoka nje, akalitazama, akakaa chini palepale.

"Amekufa," alisema.

Namkunda aliruka kutoka kwenye usukani. "Hajafa, mama! Mzima kabisa! Tumefuata cheti chake cha ubatizo."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Alitutazama mmoja mmoja. "Siku hizi huko magereza mnabatiza?"

Nilimweleza kosa ni langu. Hakunigombeza, alikimbilia ndani na kurudi na cheti kilichofungwa kwenye kanga. Kule juu mtandao ulikuwa mzuri kuliko mjini. Nikaweka kompyuta ya mkononi juu ya kigoda, nikaandika tarehe, nikaambatanisha picha ya cheti. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka, halafu majina mawili yakatokea. Nikapiga kelele. Akina mama waliokusanyika wakapiga vigelegele, ingawa hawakujua sababu.

Mama Eliamani akachungulia nyuma ya karandinga. "Humu pana nafasi."

Nikamtazama Namkunda. Akajikuna kichwa. "Sheria inakataza mfungwa kushuka njiani. Ya kumkataza mama mzazi kupanda sijawahi kuisoma."

Wakapanda watu sita, yeye na akina mama wenzake, na mkungu wa ndizi. Tuliteremka na lori la jela lililojaa nyimbo. Pale Kisiwani mzee mmoja alivua kofia, hajui acheke au atuombee.

Saa tisa tulifika getini. Askari wa zamu alishika mdomo. "Afande, hawa wote mahabusu?"

"Wageni. Fungua."

Hati ikachapishwa, safari hii sahihi. Eliamani akatoka na mfuko wake mdogo. Mama yake alimpiga bega mara tatu, kwa nguvu, kisha akamkumbatia na hakumwachia. Kutoka bustanini Eliamani wa Kisiwani akapaza sauti: "Nusu yangu hiyo, mama! Ilishe vizuri!"

Jumapili nilipanda basi la kurudi Dodoma. Nilikuwa nimejifunza kwamba Namkunda alikuwa na kitu ambacho mimi sikukiingiza kwenye mfumo: alijua kila mtu katoka wapi na nani anamsubiri. Kwenye ripoti nilikiri kosa langu, nikaomba mfumo uongezewe nafasi ya jina la mama. Mkuu wangu akauliza jina la mama lina kazi gani gerezani.

Nikamwambia, "Mimi niliwachanganya Eliamani wawili. Mama zao hawawezi."