Maini ya Mbuzi wa Mama

Dada yangu alipokuja kujifungulia kwa mama, hapa Kolwezi, alikuwa amepungukiwa damu. Midomo ilimpauka, na akiinuka kitini alishika ukuta kwanza. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia ale maini. Mama alifurahi, kwa sababu mbuzi alikuwa nao. Mchana kutwa walikula majani kando ya kijito kinachotoka kule wachimbaji wanakooshea mawe ya kobalti, na jioni walirudi wenyewe, kwato zimejaa tope.

Mama akachinja. Maini yote akamkaangia dada kwa nyanya na vitunguu, akamwekea na bukari, ugali wa kwetu, ya moto. Sisi wengine tulipewa nyama. Niliponyoosha mkono kuchukua kipande cha ini, mama alinipiga kwa mwiko.

"Haiko ya kwako. Ni ya mutoto iko mu tumbo."

Dada alicheka, akamaliza sahani. Mama alichinja tena, na tena.

Mwaka huo mbuzi wetu kadhaa walikuwa wameharibu mimba, kwa hiyo mama alimwita daktari wa mifugo, kijana wa mtaani kwetu. Siku ya kuchinja akaomba kipande cha ini na cha figo, akavipeleka kupimwa Lubumbashi. Majibu yalipokuja, mtoto wa dada alikuwa ameshazaliwa, ananyonya. Daktari alikaa kwenye benchi uani, soda aliyopewa hakuigusa.

"Mama, mu maini na mu figo muko bitu ya mugodi. Madini ya risasi, kadmiamu, kobalti. Mbuzi inakunywa ile maji, bile bitu inabakia mule, haitoke."

"Na mwanamuke wa mimba?"

"Asikule. Ile risasi inaharibu akili ya mutoto iko mu tumbo."

"Na kama alishakula?"

Daktari alitazama chini. "Sijue, mama. Sitaki kukudanganya."

Mama aliingia chumbani kwa dada. Nilimsikia kutoka mlangoni.

"Unisamehe, mwanangu."

"Mama, ulinipatia kitu ya muzuri yenye ulikuwa nayo."

Mama alimchukua mtoto, akamfungua nguo, akamkagua vidole, masikio, mgongo, kana kwamba hajawahi kumwona.

Mbuzi waliobaki hakuwauza. Wanunuzi walikuja, akawaeleza. Mmoja alimcheka: "Mama, mbuzi ya Kolwezi yote inakunywa maji kama hii." Mama akamfungia lango. Mbuzi walizeeka uani, wakafa mmoja mmoja, tukawazika.

Mtoto ameanza shule. Anakimbia, anapigana na wenzake, anahesabu vizuri. Hatuoni kasoro. Lakini akipata homa, hata ya malaria tu, mama hawezi kuingia chumbani alikolala. Anakaa nje, mikono mapajani, akimuuliza kila anayetoka: "Anasema nini? Anakujua?"