Fremu Arobaini na Kitambaa cha Mama

Sinunui kadi mpya ya kompyuta. Nimeambiwa na vijana wa timu, nimeambiwa na muuzaji wa vipuri vya kompyuta hapa Kitengela, nimeambiwa hata na watu wasiojua kompyuta huwashiwa wapi, na jibu langu halijabadilika. Ni kweli sina kazi. Lakini hata ningekuwa na kazi nisingenunua, kwa sababu tatizo halikuwa kadi, na ilinigharimu jasho kulijua hilo.

Nilitoka chuoni na digrii ya takwimu na kompyuta ya mezani niliyouziwa na mwanafunzi aliyekuwa akihama hosteli. Soketi ya chumbani kwangu hutoa cheche, kwa hiyo kompyuta ikakaa sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo. Asubuhi nilituma maombi ya kazi. Mchana niliwaza kwa nini yale ya juma lililopita hayajajibiwa: labda kwenye picha nilitabasamu sana, labda sikutabasamu vya kutosha. Nilishawahi kwenda mahojiano Kajiado mjini nikarudi nikiwaza kwa wiki nzima kuhusu namna nilivyovuta kiti. Alasiri ilipofika nilivaa vipokea sauti nikaingia kwenye mbio za magari mtandaoni, na hapo mawazo yalininyamazia.

Timu yetu ilikuwa ya watu wanne ambao hawajawahi kuonana. Kapteni alikuwa kijana wa Nkoroi mwenye sauti ya mtu anayekula kila wakati. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimepata kazi. Walitaka kujua jambo moja tu: je, nitapita kona ya mwisho bila kuwagonga? Sijui kama nimeeleza vizuri thamani ya jambo hilo. Kila mahali kwingine nilikuwa binti aliyesoma na bado yuko nyumbani. Pale nilikuwa dereva.

Kisha gari langu likaanza kuruka.

Skrini haionyeshi mwendo. Huonyesha picha moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo jicho linadanganyika, na kila picha ni fremu. Fremu zikija nyingi kwa sekunde, gari huteleza kama samli kwenye kikaango. Zikipungua ghafla, unaona gari kabla ya kona, halafu unaliona ukutani. Zangu zilikuwa zinaanza sabini, na baada ya mizunguko michache zinaporomoka hadi ishirini, zinapanda, zinaporomoka tena.

"Dada," kapteni akaniambia, "nilikuona kabla ya kona, nikakuona kwa ukuta. Hapo katikati ulipitia wapi?"

"Ni fremu."

"Si ununue kadi ya picha ingine? Hiyo yako ni ya wakati wa babu."

"Kadi iko sawa."

"Basi unahitaji maombi. Sikiza, Jumamosi saa tisa tunafanya mbio ya kujaribu. Ukiruka tena, hiyo nafasi napatia msee mwingine wa Rongai. Si chuki, dada. Ni timu."

Nilisema sawa kwa sauti ya mtu asiyejali. Kisha nikakaa nikiwaza mpaka chai ikapoa.

Nililaumu kila kitu. Nilizima programu zote zilizokuwa zikijiendesha chinichini. Niliondoa vivuli ndani ya gemu, nikaondoa miti, nikaondoa watazamaji, nikawa naendesha gari katika dunia iliyohamwa. Fremu zikaanza tisini, kisha zikaporomoka vilevile. Nikafungua kompyuta na kuipuliza vumbi, na anayeishi Kitengela anajua vumbi ninalosema, lile linaloletwa na upepo wa nyikani na malori ya mawe, linaloingia hata kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakuna kilichobadilika. Nilipotazama joto la kompyuta nikaona linapanda bila kushuka, na hapo angalau nikaelewa nusu ya jambo: ikipata moto kupita kiasi, kompyuta hujipunguzia kasi ili isiungue. Lakini moto huo ulikuwa unatoka wapi, ilhali vumbi nimelitoa?

Niliweka mkono juu yake. Kitambaa cha mama kilichoifunika kilikuwa na joto kama kile kinachofunika chapati.

Mama hufuma vitambaa. Nyumbani kwetu kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa. Kompyuta ilipoingia aliifumia chake kwa uzi mweupe na kukishonea bitana ili vumbi lisipenye. Na kitambaa chetu hakitolewi. Ukitaka kutazama televisheni unakikunja kwa mbele, basi. Ndivyo nilivyofanya na kompyuta tangu siku ya kwanza, bila kufikiri, mimi ninayefikiri kila kitu. Mbele nilikikunja. Juu na nyuma, ambako feni hutolea hewa ya moto, kiliendelea kukaa, na hata nilipoipuliza vumbi nilikirudisha palepale. Nilikuwa nimeifunika kompyuta yangu kama chapati miezi yote hiyo.

Nilimfuata jikoni.

"Mama, kitambaa kinazuia hewa."

"Hewa ya nani?"

"Ya kompyuta. Inapumua kwa juu na kwa nyuma."

"Na redio ya babako, hiyo imekaa na kitambaa kabla uzaliwe. Yenyewe inapumuanga na nini?"

"Redio haipati moto hivyo."

"Jumamosi niko na wageni wa kanisa," akasema. "Hawatakuta kitu uchi kwa nyumba yangu."

Jumamosi hiyohiyo. Nilimwomba kapteni abadilishe saa, akakataa, kwa sababu mwenzetu mmoja wa timu aliye Illasit hupata mtandao mzuri alasiri tu. Nikatafuta njia ya kumridhisha kila mtu, kwani huo ndio ugonjwa wangu. Niliweka kikomo: kompyuta isichore zaidi ya fremu arobaini kwa sekunde, hata kama inaweza. Arobaini si nyingi. Lakini jicho huzoea mwendo wowote usiobadilika, na kompyuta isiyokimbizwa haichemki haraka. Nikajaribu na kitambaa kikiwa juu. Zilishikilia arobaini karibu mbio nzima, kisha mizunguko miwili kabla ya mwisho zikaanguka. Nikajaribu bila kitambaa. Hazikuyumba hata moja. Kikomo pekee hakikutosha. Kitambaa kilikuwa lazima kitoke.

Jumamosi kina mama walijaa sebuleni, wakaimba, wakanywa chai. Kompyuta ilikuwa imefunikwa upya, na kitambaa kimepigwa pasi. Ilipokaribia saa tisa niliinuka, nikapita katikati ya magoti yao nikiwaza kama nitajikwaa, nikakitoa chote na kukikunja mara nne.

"Wee!" akasema mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza kwaya. "Unaivua nguo mbele ya wageni?"

"Inasikia joto, mama."

"Hata sisi tunasikia joto na hatuvui!"

Walicheka mpaka vikombe vikalia. Mama yangu alitokea jikoni na chupa ya chai mkononi.

"Rudisha."

"Sirudishi, mama. Nikimaliza ndio nirudishe."

Sikumbuki kama nilishawahi kumjibu hivyo. Kicheko kilikatika. Mama aliweka chupa mezani kwa kishindo, na mtu mwenye busara akasema tuombe. Waliombea wagonjwa, wakaombea mvua, kisha yule wa kwaya akawaombea "vijana wetu waliosoma, Bwana, uwatoe kwa michezo uwape kazi za maana." Sote tulijua vijana hao walikuwa wangapi sebuleni mle. Sikufunga macho. Gari lilikuwa limeshaondoka, na kona ya kwanza haingoji amina.

Masikio yaliniwaka, lakini fremu hazikutetemeka. Arobaini. Mzunguko baada ya mzunguko, arobaini. Nilijua kila picha itafika lini, kwa hiyo nilijua breki niikanyage lini. Katika mizunguko ya mwisho, pale zilipozoea kunitupa, kapteni alijipenyeza upande wangu wa ndani wa kona makusudi kunipima. Sikumpisha. Tulipita kona ya mwisho ubavu kwa ubavu bila kugusana, akanitangulia kwenye mstari kwa urefu wa boneti.

"Ulinunua kadi!" akapiga kelele.

"Ni ileile. Fremu arobaini."

"Arobaini? Mimi niko na mia na ishirini!"

"Na zako zilishuka pale mwisho. Nilikuona ukitoka nje kidogo kwenye kona."

Akauliza, "Na hao wanaomba huko kwenu ni nani?"

Wageni walipoondoka mama aliniambia nimemwaibisha. Nilimwambia nasikitika kwa aibu aliyoipata, lakini kukitoa sikukosea, na kitambaa hakitarudi juu ya mashine inayofanya kazi. Alikichukua, akakitia kabatini, akageuza ufunguo. Kwa siku mbili tulisalimiana kama majirani. Niliwaza mara nyingi kumwomba msamaha, na kila mara nikajiuliza ni wa nini hasa, na kila mara sikuliona kosa.

Jumatatu kapteni alituandikia. Kwenye mashindano ya timu Jumamosi iliyofuata, mimi ningeendesha zamu ya mwisho, ile anayopewa dereva asiyegonga. Chini yake akaongeza kwamba ili timu isichekwe, niweke fremu sitini, na kama kadi haiwezi, wao wako tayari kunichangia.

Nikajibu kwamba asanteni, lakini nitakuja na arobaini, na asiyezitaka amwite yule msee wa Rongai.

Alisoma. Nilianza kuwaza kwamba nimeandika kwa ukali, kwamba ningeweka kicheko mwishoni, kwamba nafasi niliyoipigania mbele ya kina mama wa kanisa nimeitupa kwa sentensi moja. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Nikakiondoa.

"Sawa," akaandika hatimaye. "Saa tisa. Usichelewe."